Kipande cha kijivu kwenye dashibodi nyeusi

Inawezekana kabisa kukipaka rangi kipande cha plastiki cha kijivu kifanane na dashibodi nyeusi ya gari, ila kazi yenyewe iko kwenye maandalizi. Kitoe, kigeuze nyuma usome herufi zilizochongwa, zinazotaja aina ya plastiki. Ikiwa ni ABS, rangi hushika vizuri. Ikiwa ni PP, tafadhali usiruke praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) maalumu ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kwa ukucha tu.

Osha kwa sabuni, kisha futa kwa spiriti. Dawa za kung'arishia dashibodi mara nyingi huacha silikoni, na rangi ikiikuta hujitenga na kuacha vishimo vya duara. Piga msasa namba 600 mpaka mng'ao uishe. Kama plastiki ina mikunjo kama ya ngozi, mkono uwe mwepesi sana.

Pulizia tabaka nyembamba kadhaa, ukianza kujaribu upande wa nyuma, ulinganishe na dashibodi juani. Mara nyingi weusi ni uleule, kinachotofautiana ni mng'ao, kwa hiyo malizia na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) isiyong'aa.

Kifuniko cha mfuko wa hewa (airbag) kwenye usukani usikipake hata kidogo.