Ukuta wa basementi uzibwe kwa nje

Ndugu, unauliza kama rangi ya kuzuia maji ipakwe ndani tu ya basementi yako, yaani chumba cha chini ya ardhi, huko Minnesota, Marekani. Hapana, hubanduka, maana maji huisukuma kwa nyuma. Piga simu 811, namba ya Marekani ya kupiga kabla ya kuchimba, waje kuonyesha nyaya na mabomba yaliyofukiwa, kisha fukua mtaro kando ya ukuta hadi kwenye msingi. Sugua ukuta, uache ukauke, ziba nyufa, bandika utando wa lami, halafu vibao vya foamu ngumu ya XPS (plastiki ya kuzuia baridi). Sehemu ya foamu inayobaki juu ya ardhi ipige plasta, jua huila. Chini kabisa laza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, lipeleke maji mbali. Hapo usibane pesa kabisa. Na tafadhali, kingo za mtaro ziegemezwe kwa mbao kabla mtu hajashuka. Udongo ukiporomoka unaua.