Ukitaka kujua nani wa Iowa atacheza NFL, usimfuate mwenye mpira

Mdogo wangu, karibu Iowa City. Umeuliza mtu aliyekulia Simba na Yanga aanzie wapi kuzifuatilia timu za Chuo Kikuu cha Iowa, na umeuliza pia kwa nini kazini kwenu watu wanabishana mwezi wa nne kuhusu nani atachukuliwa na NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, wakati mechi zilishakwisha zamani. Maswali hayo yanakwenda pamoja. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi mwenyewe nilipoteza misimu kadhaa nikitazama kitu kisicho sahihi.

Nilipofika huku nilitazama futiboli yao kwa macho ya kandanda, yaani macho yote kwenye mpira. Anayerusha, anayedaka, anayekimbia nao, basi. Msimu wa 2016 alikuwepo kijana anaitwa George Kittle. Kwa miaka yake yote chuoni alidaka mipira 48 tu. Nilikuwa namwona uwanjani na simhesabu. Aprili 2017, kwenye drafti, yaani timu za NFL zinapochagua vijana wa vyuo kwa zamu, San Francisco wakamchukua raundi ya tano, akiwa wa 146, na mwaka uliofuata akaweka rekodi ya NFL ya yadi za kudaka mpira katika msimu mmoja kwa nafasi yake, yadi 1,377. Nikajiuliza: wale maskauti waliona nini ambacho mimi, niliyekuwa pale pale jukwaani, sikukiona?

Walichoona ni kazi aliyokuwa akiifanya bila mpira. Nafasi yake inaitwa taiti endi. Anasimama pembeni mwa mstari wa mbele, nusu mzuiaji nusu mdakaji. Kwenye vyuo vingi siku hizi mtu wa nafasi hiyo anakimbia tu kwenda kudaka. Iowa, chini ya kocha Kirk Ferentz ambaye yupo tangu 1999, lazima kwanza asukume watu. Timu inapenda kukimbia na mpira kuliko kuurusha, kwa hiyo kila mchezo yule taiti endi anapambana uso kwa uso na mtu mwenye kilo mia na zaidi. Skauti akikaa na video anapata majibu mawili kwa mara moja: huyu anadaka, na huyu hakimbii shughuli. Ndiyo maana mwaka 2019 walitoka wawili raundi ya kwanza kwa mpigo, T.J. Hockenson akiwa wa 8 kwenda Detroit na Noah Fant wa 20 kwenda Denver. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo chuo kimoja kutoa wawili wa nafasi hiyo katika raundi ya kwanza ya mwaka mmoja. Kisha Sam LaPorta akafuata 2023, wa 34, Detroit tena.

Kwa hiyo Jumamosi ukija Kinnick, uwanja wa futiboli wa Iowa, fanya zoezi hili. Robo ya kwanza yote usiutazame mpira. Chagua mtu mmoja wa mstari wa mbele, mtazame yeye tu kuanzia mpira unapotoka mpaka filimbi. Itakuchosha, maana jukwaa zima linapiga kelele na wewe hujui kimetokea nini. Lakini ukiweza, utaanza kuona miguu: nani anaendelea kusukuma baada ya mguso wa kwanza, nani anasimama wima akichoka. Hapo ndipo pesa ya NFL ilipo kwa chuo hiki. Tristan Wirfs, kijana wa Mount Vernon, mji mdogo hapa jirani, alichukuliwa wa 13 na Tampa Bay mwaka 2020, na msimu wake wa kwanza tu akatwaa ubingwa. Marshal Yanda alitokea chuo kidogo cha miaka miwili, akaja Iowa, akachukuliwa wa 86 mwaka 2007, akaishia kuitwa mara nane kwenye kikosi cha nyota wa ligi. Kazi ya hawa si kugusa mpira.

Hapa niongeze kitu ambacho wageni wengi wanakikosa: majira ya baridi nenda Carver-Hawkeye, ukumbi wa ndani wa chuo, ukatazame mieleka. Mji huu unaiheshimu mieleka kwa namna ambayo sijaiona kwingine. Dan Gable alikuwa kocha kuanzia 1976 hadi 1997 na akaleta mataji 15 ya taifa. Na wale wa mstari wengi wamepitia mkekani walipokuwa sekondari. Tyler Linderbaum, aliyechukuliwa wa 25 na Baltimore mwaka 2022, aliwahi kumshinda Wirfs kwenye mieleka ya sekondari, ingawa Wirfs alikuwa mkubwa kuliko yeye. Ukishajua hilo, namna Linderbaum anavyoingia chini ya kifua cha mtu haikushangazi tena. Alipofika chuoni alikuwa mlinzi, wakamhamishia katikati ya mstari wa mashambulizi. Kuhamishwa nafasi ni dalili nzuri, usiisikitikie.

Na mpira wa kikapu wa wanawake, kama hukuwepo enzi za nyota wake Caitlin Clark, pole sana. Oktoba 2023 waliweka uwanja wa kikapu katikati ya Kinnick, nje, kwenye upepo, wakaja watu 55,646. Nilikuwepo na binti yangu. Mpaka leo anaitaja siku ile.

Sasa ule ubishi wa mwezi wa nne. Drafti ina raundi saba, siku tatu, kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi, na mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinakadiria kwamba katika kila wachezaji 100 waliofikia hatua ya kuchaguliwa, wanaoingia NFL hawafiki wawili. Kumbuka hilo ukimsikia mtu anasema kila nyota wa hapa atakuwa tajiri. Jay Higgins alikuwa roho ya ulinzi wetu, mwaka 2024 akatajwa kwenye kikosi cha heshima cha wachezaji bora wa vyuo nchini, na Aprili 2025 raundi zote saba zikapita bila jina lake. Akili ya mchezo alikuwa nayo, ila saa ya kupima mbio haikumpendelea. Baltimore wakamsajili baadaye kama mchezaji huru. Siku ile niliumia kana kwamba ni mtoto wa ndugu yangu.

Kwa upande mwingine, mwaka 2024 Chicago walitumia nafasi ya 122 kwa Tory Taylor, Mwaustralia wa Melbourne ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kuupiga mpira teke uende mbali timu yake inaposhindwa kusonga mbele. Mwaka uliotangulia timu yetu ilikuwa haifungi kabisa, lakini ilishinda mechi kumi, na mguu wake ulikuwa na mchango mkubwa. Watu walimshangilia mpiga teke kama sisi tunavyomshangilia mfungaji. Usimdharau mtu wa namna hiyo unapohesabu nani atakwenda.

Jambo moja la pesa. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa majina yao, na kuhama chuo kumekuwa rahisi. Unayemshangilia leo mwakani huenda yuko kwingine, kwa hiyo ukinunua jezi, nunua isiyo na namba ya mtu.

Njoo mechi ya mapema, Septemba, kabla baridi haijashika, na uwe kitini kabla robo ya kwanza haijaisha. Ikiisha, uwanja mzima wa watu karibu 70,000 unageuka kuelekea hospitali ya watoto iliyo jirani na kuwapungia mkono watoto waliosimama madirishani. Ilianza 2017. Wachezaji nao wanapunga, hata wageni. Hapo acha kutazama mstari, nyanyua mkono.