Shilingi 300,000 za wanafunzi wahitaji: zigawanywe au zitumikeje?

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma karibu na Ahero, Kaunti ya Kisumu. Wanafunzi wetu wa zamani wametuchangia shilingi 300,000 kwa sharti kwamba ziwasaidie watoto wasiojiweza, nasi tumeorodhesha 75. Mjumbe mmoja wa bodi anasisitiza kila mtoto anunuliwe vitu vya shilingi 4,000 zake, mwingine anataka vishikwambi, nami nilifikiria mwalimu wa ziada. Nimesikia kwamba Uingereza shule hupewa fedha za aina hii kila mwaka. Wao hufanyaje, nasi tufanyeje?

Jibu: Mwalimu Mkuu, nianze na hoja ya kugawa, maana ndiyo itakayowagombanisha kikaoni. Ruzuku unayoitaja ipo England tangu 2011, na kwa mwaka wa fedha wa 2025/2026 shule ya msingi ilipewa pauni 1,515 kwa kila mwanafunzi ambaye wakati wowote katika miaka 6 iliyopita alistahili chakula cha bure shuleni. Hesabu hiyo ya kichwa kwa kichwa, hata hivyo, huamua tu shule ipate kiasi gani. Hakuna mtoto mwenye pauni zake. Shule inaruhusiwa hata kuboresha ufundishaji wa darasa zima, mradi kila mwaka, kabla ya Desemba 31 kupita, itangaze mpango unaoonyesha vikwazo ilivyovibaini na namna inavyovikabili. Hilo ndilo ningewaomba muige. Shilingi 4,000 ni karibu mara tatu ya zile 1,420 ambazo serikali yetu imekuwa ikikadiria kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, kwa hiyo zinaonekana nyingi. Lakini zikishapita mikononi mwa watoto 75 zitakuwa sweta, kaptura na madaftari, na asiyejua kusoma atabaki hajui kusoma, ila sasa amevaa sweta.

Kabla ya kununua chochote, fungueni rejista za mahudhurio za mwaka uliopita mzisome siku kwa siku, msitazame jumla ya mwezi peke yake. Katika shule moja ya ukanda wenu wa mpunga niliyoihudumia nikiwa afisa wa elimu, tulikuta wavulana kumi na wawili waliotoweka wiki tatu mfululizo kisha wakarejea karibu siku moja. Mwalimu wao alikuwa ameandika "utoro". Kumbe ulikuwa msimu wa mpunga kukomaa, nao walikuwa mashambani tangu alfajiri wakiamia ndege, kombeo mkononi, kwa ujira mdogo uliokwenda moja kwa moja kwenye unga wa nyumbani. Sare isingewarudisha. Waliorudi walirudishwa na mazungumzo kati ya mwalimu mkuu, mzee wa kijiji na wenye mashamba, ambayo hayakugharimu kitu, pamoja na chakula cha mchana cha majuma hayo, ambacho kiligharimu.

Baada ya rejista, pimeni usomaji wa watoto wote wa Gredi ya 3 hadi ya 6, mmoja mmoja, bila kuishia kwa wale 75. Kipimo ni karatasi moja yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi ya kiwango cha Gredi ya 2, kwa mfano wa kile ambacho Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, imekuwa ikitumia Kenya tangu 2009, nacho huchukua dakika chache kwa kila mtoto. Mtoto anayetamka "ki-ta" vizuri, akainua macho kukuangalia usoni, kisha akabahatisha "kitanda" mahali palipoandikwa "kitabu", amekueleza mengi kuliko alama zake za muhula mzima. Mtakuta baadhi ya wahitaji wanasoma vizuri kuliko wote, na wengine wasiokuwa kwenye orodha hawawezi kusoma sentensi. Umaskini na kubaki nyuma kimasomo ni mambo mawili, na orodha yenu haina budi kuwa na safu mbili.

Hapo ndipo wazo lako la mwalimu wa ziada linapopata nguvu, kwa sharti. Kuanzia 2005, wanauchumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za magharibi mwa Kenya, ambapo 140 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa mkataba wa darasa la kwanza. Kupunguza tu idadi ya watoto hakukuwasaidia sana waliobaki na mwalimu wa kawaida. Walipogawanywa kwa kiwango chao, wenye nguvu na walio nyuma wote walinufaika, kwa kuwa kila mwalimu aliweza kuanzia pale watoto wake walipokuwa wamefika. Baadhi ya nafasi hizo zilikwenda kwa jamaa za walimu waliokuwapo, jambo lililopungua pale wazazi katika kamati walipofunzwa kusimamia mkataba (mtu aliyewahi kukaa kwenye bodi hahitaji maelezo zaidi). Utafiti mwingine, wa Busia katika miaka ya 1990, ulionyesha kwamba shule zilipopewa vitabu vya kiada, alama zilipanda kwa wale tu waliokuwa wakiongoza tayari. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao.

Kwa hiyo ningetenga shilingi 135,000 kwa mwalimu wa bodi, yaani anayeajiriwa na bodi ya shule, aliyesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, yaani shilingi 15,000 kwa miezi 9 ya masomo. Asichukue darasa la mwenzake ili mwenzake apumzike. Aratibu saa moja kila siku ambayo watoto wa Gredi ya 3 hadi ya 6 wanapangwa upya kwa kiwango cha usomaji, walimu wote wa madarasa hayo wakifundisha. Saa hiyo iwe ndani ya ratiba ya kawaida. Msiihamishie likizoni, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya likizo, hata yakifanywa kwa nia njema.

Shilingi 165,000 zinazosalia zifuate rejista: chakula cha msimu wa kuamia ndege ikiwa tatizo ndilo hilo kwenu, na sare kwa wanaokosa shule kwa ajili ya sare tu. Dawa za minyoo zina mpango wa taifa, msizilipie. Sodo ni haki ya wasichana kisheria tangu marekebisho ya 2017, lakini shehena ikichelewa msichana hangoji, hivyo wekeni akiba. Kuhusu vishikwambi, serikali ilisambaza zaidi ya milioni moja kuanzia 2016. Mjumbe wenu na akague kwanza kabati la shule.

Msigawe chochote kwenye gwaride. Nilishuhudia msichana akikabidhiwa viatu vipya mbele ya shule nzima, akapigiwa makofi, na jioni nikamwona njiani akitembea peku, viatu vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwalimu wa darasa anaweza kumwita mzazi faraghani na kumkabidhi.

Fedha ziingie kwenye akaunti ya benki ya shule, zikiwa na leja yake, zisipitie simu ya mtu yeyote. Rudieni kipimo kile kile cha usomaji mwishoni mwa kila muhula, kisha wapeni wachangiaji ukurasa mmoja tu: wangapi walikuwa kwenye herufi, wangapi sasa wanasoma hadithi, siku ngapi zimekosekana kulinganisha na mwaka jana, na kila shilingi ilikokwenda. Jina la mtoto lisiwemo, hata wakiomba picha.