Re: Ni kweli samurai walitoka Korea?

Mkuu, kusema samurai, tabaka la wapiganaji wa Japani ya zamani, "walitoka" Korea ni kutia chumvi. Tabaka lile lilikomaa Japani kwenyewe, kuanzia karne ya 10 hivi. Ila ukiuliza kuhusu zana na ujuzi wa mwanzo, hapo una hoja nzito.

Tazama makaburi makubwa ya enzi ya Kofun, Japani ya kale. Vifaa vya farasi ni adimu sana katika yale ya karne ya 4, lakini karne ya 5 hatamu, matandiko na vyuma vya kukanyagia mpandaji vinazagaa. Hata chuma chenyewe Wajapani walikitegemea sana kutoka Gaya, kusini mwa rasi ya Korea. Na pale hekalu la Isonokami, Nara, upo upanga wenye matawi saba, wenye maandishi ya dhahabu yanayomtaja mfalme wa Baekje, ufalme wa kale wa Korea.

Kisha Baekje ikaanguka. Mwaka 663 Japani ilipeleka meli kuisaidia, zikachakazwa na Tang ya China na Silla, ufalme mwingine wa Korea, huko Baekgang, Korea. Wakimbizi wakavuka bahari, na mwaka 665 wakuu wa Baekje walisimamia ujenzi wa ngome ya Ōno huko Kyushu, kisiwa cha kusini mwa Japani.

Jingine ambalo wengi hulikwepa: Sakanoue no Tamuramaro, aliyepewa mwaka 797 cheo cha seii taishogun (jemadari mkuu, cheo ambacho baadaye kilishikwa na viongozi wa samurai), alikuwa wa ukoo wa wahamiaji. Wenyewe walidai asili ya China, ingawa wanahistoria wengi wanaona waliingia Japani kupitia Korea.