Unapoanza kusoma mawe ya Thanjavur, usiruke hesabu

Ukisimama mbele ya hekalu kubwa la Shiva, mungu wa Kihindu, la Thanjavur, kusini mwa India, macho yatakimbilia sifa za mfalme zilizochongwa kwenye mawe yake: nchi alizozishinda Rajaraja wa Kwanza, aliyeshika utawala wa Chola, ukoo wa kifalme wa huko, mwaka 985. Zisome, kwa sababu orodha ya ushindi ilirefuka kadiri alivyoendelea kutawala, hivyo itakusaidia kukadiria umri wa andiko. Tarehe zenyewe huhesabiwa tangu kutawazwa. Siku ya 275 ya mwaka wake wa 25, yaani 1010, ndipo alipotoa kilele cha shaba cha kuwekwa juu ya mnara.

Kisha endelea na hesabu, ambazo wanafunzi wengi huziruka. Mfalme aliagiza zichongwe zawadi zake, za dada yake Kundavai, za wake zake na za watu wengine. Taa moja ya kuwaka daima ilitengewa kondoo majike 96 au ng'ombe 48, na wachungaji waliokabidhiwa mifugo hiyo walidaiwa samli ya taa hiyo kila siku. Halafu kuna wanawake 400, wacheza ngoma wa hekaluni waliohamishwa kutoka mahekalu mengine. Andiko linataja jina la kila mmoja, hekalu alilotoka, mtaa na nyumba aliyopewa, pamoja na posho ya mpunga ya mwaka. Kwangu mimi hakuna sehemu ya ukuta ule yenye thamani kuliko hii. Sifa za mfalme zimechongwa kwingi. Wanawake hawa tungewajulia wapi?

Usitafute jina la leo la hekalu, Brihadishvara, katika mawe hayo, maana wakati ule hekalu liliitwa Rajarajeshvaram. Masimulizi ya baadaye yalidai lilijengwa na Karikala, mfalme wa Chola wa zamani zaidi, mpaka Eugen Hultzsch, mtaalamu Mjerumani wa maandishi ya kale, alipoyasoma maandishi mwishoni mwa karne ya 19. Wala usidhani kila kilichochongwa pale ni cha Chola: kuna andiko refu la Kimarathi la 1803, la wakati wa Serfoji wa Pili, mtawala Mmaratha wa Thanjavur.

Kazini, safisha jiwe kwa maji na burashi laini, usiguse kwa chuma. Bandika karatasi iliyolowa, igonge mpaka iingie kwenye herufi, ndipo upake wino. Andika kila nakala imetoka upande gani na safu ipi ya msingi. Mistari hufuata msingi wa jengo, kwa hiyo zunguka kona kwanza kabla hujaandika kwamba andiko limekatika.