Maswali ya wasomaji: Betri zimejaa, jua kali, umeme unakata

Swali: Kamati yetu ya umeme inaendesha gridi ndogo kisiwani, Ziwa Viktoria. Tuna inverta (vigeuzi vya umeme) tatu za sola zenye jumla ya kW 30, inverta tatu za betri (kVA 24 kwa pamoja), betri za maji za volti 48 zenye Ah 2,000, na jenereta ya kVA 40. Saa sita mchana, betri zikishajaa, inverta zote za sola huzima, hurudi baada ya kama dakika tano, huzima tena. Usiku nako jenereta inafuka moshi na bomba lake linachuruzika mafuta meusi. Tuongeze betri?

Jibu: Betri acheni kwanza. Kwenye mfumo kama wenu, inverta za betri ndizo zinazoshika masafa ya umeme (mizunguko yake kwa sekunde), yaani Hz 50. Betri zikijaa, inverta hizo hupandisha masafa kidogo kidogo ili za sola zijue kupunguza. Ya sola iliyopangwa sawasawa huanza kupunguza kwenye Hz 51 na kufika sifuri kwenye Hz 52. Zenu inaelekea bado zina mpangilio wa gridi ya taifa, ambao mara nyingi hukata ghafla kwenye Hz 51.5 kisha husubiri dakika kadhaa.

Mwiteni fundi mwenye nywila ya kuingia kwenye mipangilio, azibadilishe zote tatu ziwe za gridi inayojitegemea. Asiondoke bila kujaribu: betri zimejaa, mzigo (umeme unaotumika) mdogo, mita inasoma Hz kwenye soketi. Masafa yapande, yatulie chini ya 52, na pasiwe na inverta iliyozima.

Hapo bado kuna kasoro ya ukubwa. Watengenezaji kadhaa hutaka kW za sola zisizidi kVA za inverta ya betri, kwa sababu mzigo mkubwa ukizimwa ghafla, umeme wote wa sola hukimbilia huko kabla masafa hayajapanda. Nyinyi mna 30 kwa 24. Tungehamisha paneli za kW 10 ziingie kwenye betri moja kwa moja kupitia chaja kontrola (vifaa vinavyosimamia uchaji kutoka kwenye paneli) mbili za ampea 100. Faida yake nyingine ni kubwa: siku betri zikiisha kabisa na inverta zikazima, hizo ndizo paneli pekee zitakazoweza kuzifufua, maana inverta za sola haziwaki pasipo gridi. Ila msihamishe waya tu. Paneli 18 za mfululizo hutoa zaidi ya volti 700, na chaja kontrola nyingi mwisho wake ni volti 150 au 250. Itaungua papo hapo.

Jenereta yenu ina njaa ya mzigo. kVA 40 ni kama kW 32. Ikibeba chini ya asilimia 30, yaani kW 10, injini haipati joto na dizeli isiyoungua hutokea kwenye bomba. Iwasheni saa moja jioni, kijiji kikitumia tuseme kW 6, na muiachie ichaji betri kwa ampea 300, ambazo ni takriban kW 16. Jumla kW 22, mzigo mzuri. Betri zikikaribia asilimia 80 izimeni. Kuanzia hapo zinapokea kidogo mno, na kazi ya kumalizia ni ya jua la kesho.

Swali: Tukiwasha mashine ya kusaga ya kW 7.5, kijiji kizima kinazima. Inverta yetu ni kVA 24.

Jibu: Mota hiyo hula ampea 15 ikishazunguka, lakini ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara sita, kama kVA 60. Kuwasha kwa nyota-delta (mota huanza kwa volti pungufu, kisha hupewa kamili) kunashusha hadi kama kVA 20, bado ni kubanana. Nunueni kidhibiti mwendo cha mota, kinachoipandisha taratibu bila kuzidi sana ampea zake za kawaida. Msaga unga awashe mashine ikiwa tupu, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri.