Kit Kat ya Marekani na ya Muscat: zote ni halisi, ila wenyewe ni wawili

Mkuu, umeuliza kama Kit Kat alizokutumia dada yako kutoka Marekani ni feki, kwa kuwa ladha yake haifanani na zile mnazoletewa kutoka Muscat na kwenye pakiti hujaona jina la Nestlé popote. Si feki. Nauza chokoleti na biskuti za nje hapa Kariakoo, na swali lako naulizwa na wateja kila mzigo wa Marekani unapoingia, kwa hiyo ngoja nilijibu kwa kirefu.

Kit Kat ni ya Uingereza kwa asili. Kampuni ya Rowntree ya mji wa York iliitoa mwaka 1935 kwa jina la Chocolate Crisp, na jina la Kit Kat likaja 1937. Mwaka 1970 Rowntree wakaingia mkataba na Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, ambao ndio wakapewa leseni ya kuiuza Marekani. Baadaye, 1988, Nestlé wakainunua Rowntree yote, lakini mkataba wa Hershey waliukuta na ukabaki palepale. Matokeo yake, hadi leo ukinunua Kit Kat Chicago unakula mali ya Hershey, na ukinunua Muscat, Nairobi au London unakula ya Nestlé. Geuza pakiti ya dada yako usome maandishi madogo ya nyuma, utakuta Hershey.

Ladha lazima zipishane, maana kila kampuni ina chokoleti yake. Kwa ulimi wangu, ya Marekani sukari ndiyo inayotangulia, na mwishoni kuna kauchachu kwa mbali. Ya Ghuba ina maziwa zaidi na inayeyuka taratibu mdomoni. Mimi naipenda ya Ghuba na siwafichi wateja wangu, ila nina watu waliokaa Marekani miaka mingi ambao hiyo hawaigusi kabisa. Kwa ukubwa hamna aliyepunjwa: ya Marekani ya vipande vinne ni gramu 42, ya Uingereza ni gramu 41.5.

Sasa vunja kipande kimoja katikati ukiangalie kwa pembeni. Utaona biskuti nyembamba tabaka tatu, na kati yake kuna rojo la kahawia lililozishikanisha. Nestlé wenyewe walishaeleza kwamba rojo hilo hutengenezwa kwa Kit Kat zilizokataliwa kiwandani, zile zilizovunjika au ambazo chokoleti haikukaa sawa. Zinasagwa na kurudishwa ndani. Kwa hiyo ndani ya Kit Kat kuna Kit Kat nyingine. Mimi huu ufundi naupenda sana, hakuna kinachotupwa.

Kinachowafanya watu wengi hapa kwetu waseme "feki" ni joto. Mafuta ya kakao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na ndani ya gari lililofungwa au stoo ya bati joto linapita hapo kabla ya saa sita mchana. Chokoleti ikishayeyuka halafu ikaganda tena, mafuta hupanda juu na kuacha utando mweupe kama vumbi la chaki. Huo si ukungu na haudhuru, ila mng'ao unapotea, haivunjiki tena kwa ule mlio wake, na herufi za jina zilizochorwa juu ya kila kipande zinakuwa zimefutika nusu. Ukiona hivyo jua imeyeyuka njiani. Muuzaji akikuambia "ndivyo ilivyo hii", usinunue.

Na friji nayo ina masharti. Zifunge kwanza kwenye mfuko usiopitisha hewa, na ukizitoa usizifungue papo hapo. Subiri ubaridi uishe, la sivyo jasho litashika chokoleti na biskuti zitalegea. Kit Kat yenye biskuti iliyolegea haina maana tena, hata iwe imetoka kiwandani juzi.

Kuhusu aina nyingine ulizoziona mtandaoni, za kijani na za pinki, hizo ni halisi pia. Chunky, ile ya kipande kimoja kinene, ni ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini mabingwa wa ladha ni Wajapani. Wameshatoa zaidi ya 300, nyingi zikiwa za msimu tu. Ya kijani ni ya matcha, yaani chai ya unga, nayo imeanza 2004. Wana utaratibu wa kuifunga ladha na mkoa: Okinawa kuna ya viazi vitamu vya zambarau, Hokkaido ya tikiti, Shizuoka ya wasabi, kile kiungo chao cha kijani kinachowasha. Msafiri akitembelea mkoa huo ndiyo zawadi anayorudi nayo kwa ndugu na wafanyakazi wenzake. Ya matcha ikikufikia usiipite, uchungu wa chai unaikata sukari vizuri mno.

Wale tunaoangalia halali tuwe makini hapo. Mwaka 2016 Japani ilitoka Kit Kat ya sake, ile pombe yao ya mchele, yenye kilevi asilimia 0.8. Pakiti za Japani zinaandikwa Kijapani karibu kila kitu, kwa hiyo usifungulie watoto kwa sababu tu umeona rangi nyekundu na jina unalolijua. Ipige picha, tafsiri kwa simu, ndipo mle.

Jambo la mwisho, ukikutana na Kvikk Lunsj ya Norwei, yenye vipande vinne vilevile na biskuti ndani, usimwite mtu mwizi. Ipo tangu 1937. Nestlé walihangaika miaka mingi kulisajili umbo la vipande vinne kuwa mali yao Ulaya nzima, na 2018 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikaikataa rufaa yao. Kwa hiyo wewe kula za dada yako bila wasiwasi, na akiuliza atume nini safari ijayo, mwambie zipande ndege kwenye begi la mkononi, zisikae wiki tatu kwenye kontena.